Mnyororo Juu ya Nyaya za Serikali

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sabriya Abdulzahra Mutlak
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa Al-Nakhla, Basra

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa tisa alasiri, nilikuwa juu ya paa la nyumba yangu nikikoroga rojo la nyanya nililoanika kwenye masinia. Saa hiyo mtaa mzima hulala kwa joto. Umeme wa serikali ulikuwepo. Ulikuwepo wiki nzima, jambo ambalo hatujaliona tangu vita vivunje mitambo na wezi wamalizie nyaya. Mume wangu, Jabbar, alikuwa chini na mashine yake ya oksijeni. Mapafu yake yaliharibikia vitani.

Nilimwona Khalaf Mizban, mwenye jenereta ya mtaa, akishuka garini chini ya nguzo ya transfoma. Umeme wa serikali ukiwepo, jenereta yake haina mteja. Alirusha mnyororo juu ya nyaya. Transfoma ikalipuka. Nikapiga kelele, akainua uso.

"Mama Salam, shuka, jua litakuchoma ubongo."

"Nimekuona, Khalaf!"

"Umeona transfoma imekufa. Mungu airehemu! Jioni nitawawashia, msihofu."

Alikuwa anacheka. Kicheko kile bado ninacho masikioni.

Jioni aliwasha kweli. Mtaa wote ukategemea jenereta moja, na kesho yake adhuhuri ikazidiwa, ikazima, na mashine ya oksijeni ikazima nayo. Nilimpepea Jabbar kwa kipande cha boksi. Alinishika mkono akauliza, "Umeme umerudi?" Nikamwambia unarudi. Alifariki kabla ya alasiri.

Pale msibani niliwaambia majirani wote nilichokiona. Ndipo wazee wa ukoo wa Khalaf wakaja kuomba suluhu, naye akiwemo. Kwetu mgeni mwenye ombi huweka kikombe chake chini, hanywi mpaka akubaliwe. Walikaa, vikombe viko sakafuni. Shemeji yangu Naim akasema, "Kunyweni kahawa yenu, yameisha."

Yameisha kwa nani? Nilitoka jikoni, nikaingia katikati ya wanaume, nikamnyang'anya Khalaf kikombe kabla hakijafika mdomoni.

"Shemeji, unatuaibisha!" Naim alifoka.

"Wengine mmekunywa. Huyu hajanywa."

Kahawa yake niliimwaga mlangoni, juu ya viatu vyake. Nilifurahi, sifichi.

Afande, najua hata feni hii inayozunguka juu yetu inatumia jenereta ya Khalaf. Akiikata kwa sababu yangu, tutatokwa jasho pamoja. Simtakii kifo, kifo ni cha haraka mno. Namtakia chumba cha mahabusu chenye mlango wa chuma, mwezi huu huu wa Agosti. Chakula apewe, maji apewe. Feni asipewe. Na akiuliza kama umeme umerudi, mwambieni unarudi.

Niliyoyaona na ninayoyataka ni hayo, na nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu.

Sahihi ya shahidi: Sabriya A. Mutlak
Tarehe: 18 Agosti

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Nilimshauri ayaondoe maneno ya mwisho kuhusu feni. Amekataa. Nimeyaacha.

Sajenti Muhannad Lafta