Kahindo Hatapiga Magoti

Lubumbashi

Kaka Paluku,

Nakusalimu kwa mapendo, wewe na nyumba yako yote huko Butembo. Je, goti la Mama linamruhusu kwenda misa? Mnalala kwa amani? Sisi huku tungali wazima kwa neema ya Mungu. Duka langu linaendelea, na wateja wanasema hakuna maharagwe safi kama yangu. Siwezi kuwapinga.

Sasa nisikilize. Ulinipigia simu ukasema umeona video, kwamba nimeaibisha ukoo, na kwamba Kahindo akija likizo atapiga magoti mbele ya wazee aombe radhi. Nilipofungua kinywa ukanikatiza. Nikajaribu tena, ukanikatiza tena. Ndiyo maana nimeshika kalamu, nampa barua hii huyu mfanyabiashara mwenzetu anayerudi huko. Soma mpaka mwisho.

Ilikuwa hivi. Waliitisha mkutano katika ukumbi mmoja kule Karavia, juu ya vijana na kesho ya Afrika. Wanafunzi wa chuo kikuu walitakiwa kuchagua mmoja wa kusema kwa niaba yao. Wakamchagua nani? Mpwa wako! Watoto wa wakubwa wamejaa pale, wenye Kifaransa cha puani, wakamchagua binti wa muuza maharagwe. Basi mimi na akina mama wa kwaya tukashona kitenge cha aina moja, kama tunavyofanya kwa harusi, twende tukampigie vigelegele.

Mlangoni kijana wa protokoli akatuona, akapaza sauti: “Bamama ba kuimba, mupite huku! Bakubwa beko banafika!” Kaka, nikadhani ndiyo heshima ya mama wa msemaji! Nikaimba kupita wote. Nikacheza mbele ya magari yao mpaka kilemba kikaanguka. Kumbe, kwa kile kitenge kimoja, walitudhania kikundi cha kukodiwa.

Ndani wakasema wakubwa. Huyu anamsalimu yule, yule anamshukuru huyu. Vijana wamewekwa nyuma na fulana nyeupe zilizoandikwa “Sauti Yetu”, wanapigwa picha. Kahindo wangu wakampa maua ayapeleke kwa mgeni rasmi. Zamu yake ilipofika, akasimama mzee mmoja, kichwa cheupe kama pamba: “Mimi pia ni kijana, kijana wa moyo.” Akala nafasi yote ya mtoto. Halafu yule wa protokoli akamwendea: “Dada Kahindo, saa imeisha. Acha karatasi yako hapa, batasoma.” Nikamwona mwanangu anameza machozi. Juma zima alikuwa akijifunza hotuba ile dukani, akiyahutubia magunia yangu!

Kisha wakaniletea mimi mikro, tufunge kwa wimbo. Nikaishika vizuri.

“Sisi hatukukuja kuimba. Tulikuja kusikia mutoto. Kahindo, kuya useme!”

Yule wa protokoli akanirukia: “Mama, hii haiko mu programu!”

“Na weye hauko mu programu yangu.”

Vijana wakacheka ukumbi mzima. Akaja. Akasema juu ya Kasumbalesa: malori ya shaba yanavuka mpaka kwenda Zambia kila siku, na vijana wetu kazi yao ni kuwauzia madereva mayai ya kuchemsha. Jiwe linapita, kijana anayetafuta kazi anarudishwa. “Mutuulize kabla ya kuuza,” akasema, “hapana nyuma ya kuuza.” Wakazima mikro. Akaendelea kwa koo lake mwenyewe, na vijana wakatoka nyuma wakamzunguka mpaka neno la mwisho.

Mzee wa pamba akauliza, “Huyu asiye na adabu ni mtoto wa nani?”

“Wa kwangu! Nimemuzaa, nimemusomesha!” Nilimjibu kabla hajafunga kinywa.

Hiyo ndiyo video yako. Aibu iko wapi?

Nina hasira, Kaka, na si juu yao tu. Wao ni wageni kwangu, wewe ni damu yangu. Ninyi wazee mnakaa mnagawa mashamba ambayo hamtayalima tena, na wale watakaoyalima wako jikoni wanangoja kuitwa walete chai. Halafu mnashangaa vijana wakimfuata porini yeyote anayewapa bunduki na kuwasikiliza!

Kahindo atakuja. Hatapiga magoti. Siku mtakapogawa shamba la bondeni atakaa katikati yenu na kusema neno lake, nawe mjomba wake ndiwe utakayewanyamazisha wengine.

Msalimie Mama, umbusu mikono yake. Msalimie wifi yangu mwenye kupika ndizi zisizo na mfano, na mdogo wetu wa pikipiki, aendeshe polepole. Msalimie pia katekista aliyenifundisha kuandika; mwambie mwandiko bado ninao.

Na mkisema mtoto hana nafasi katika baraza la wenye shamba, basi sehemu ya shamba hilo niliyoachiwa na Baba nimempa yeye, tangu leo. Mwenye shamba huyo anakuja. Mpokee.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Mama Kahindo