Nimule, Mimi na Lemi

Ijumaa, 12 Januari 2024

Tumefika Nimule! Vumbi mpaka ndani ya masikio. Juba na joto lake vibaki huko, na maabara ya kazini ijiendeshe yenyewe wikendi hii. Lemi wangu amepanga: kesho ndovu, Jumapili shangazi yake. Nikamuuliza mbona tusianze na shangazi. Akacheka — ati ndovu ni wapole zaidi.

Mama amepiga simu kutoka Nakuru. Alifurahi, kisha akashusha sauti. Ati kwa Wamadi, watu wa kina Lemi, nisiseme nimezaliwa hapa. Wakati wa vita wao walikimbilia Uganda, sisi wa Bor tukakimbilia hapa, tukakaa kwenye ardhi yao. Wengine bado wana uchungu. Lemi anajua. Shangazi hajui.

Nausikia mto kutoka kitandani. Raha!

Jumamosi, 13 Januari

Aki, siku nzuri! Hifadhi nzima ni sisi wawili na Igga, askari wa wanyamapori. Alituvusha Nile kwa boti. Viboko wakatoa vichwa, wakapumua kwa kishindo, nikamkaba Lemi mkono mpaka akalalamika.

Ng'ambo tulitembea kwenye nyasi kavu. Kimya. Igga akainua kidole: "Ndovu iko pale. Mama na mtoto. Pole pole."

Mtoto alikuwa anajirushia vumbi mgongoni, anakosea, lote linampata mama yake usoni. Mama wala hajali! Nilicheka, kisha machozi. Sijui kwa nini.

Mchana, maporomoko ya Fula. Mto mpana vile, halafu unabanwa na miamba mpaka unanguruma. Igga anasema bibi yake alimkataza kuita jina la mtu karibu na maji yale. Lemi papo hapo akaita langu: "Achaaai!" Igga akatikisa kichwa tu.

Jumapili, 14 Januari

Kwa Shangazi Teresina, baada ya misa. Asida, ule ugali wa huku, na kunde kwa simsim. "Kula, binti. Juba hakuna chakula?" Nikala mara mbili.

Halafu akauliza nilizaliwa Kenya sehemu gani. Lemi akataka kujibu. Nikamkatiza.

"Si Kenya, Shangazi. Hapa Nimule. Wakati wa vita."

Mkono wake ukasimama juu ya asida.

"Sisi tulikuwa kambi, Adjumani, kule Uganda," akasema. "Nyumba yangu, watu wengine walikaa. Hata majina yao mimi sijui."

Nikamtajia majina ya kwetu: baba Bior, mama Awut, mimi Achai. Akayarudia polepole, moja moja. Kisha akauliza tulikaa upande gani.

"Nilikuwa mtoto mchanga, Shangazi. Mama anasema nyuma ya soko."

"Nyuma ya soko." Akanawa. Akainuka. "Wewe ulikuwa mtoto, mimi iko na macho. Twende, nitaonyesha wewe nyumba ile."

Lemi akainuka pia. Akaambiwa akae, aoshe sahani!

Shangazi ameingia ndani. Naandika hapa mlangoni. Lemi ananong'ona kwamba Shangazi hajawahi kumpeleka mtu huko, hata yeye Lemi.

Anatoka. Amevaa viatu vya kanisani. Ananinyooshea mkono —