Ziwa la Nashipae

Yeyo,

Takwenya. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu. Ulikuwa ukisema sisi Wakikuyu tunaingia kwa nyumba ya mtu na maneno, salamu inafuata nyuma kama mbuzi mgonjwa.

Niko dukani hapa Kitengela. Sare za shule nimemaliza kushona na mvua imewafukuza wateja. Mume wangu Lemayian ameenda Isinya kuangalia mbuzi. Mengi yametokea tangu tukuzike, na huyu mtoto wako wa kiume si mtu wa kwenda kuongea kaburini. Kwa hivyo nimechukua kalamu mimi.

La kwanza, uko na mjukuu mpya. Msichana. Tulimwita Nasieku kwa sababu alikuja kabla ya siku zake, mdogo, mwenye sauti ya mtu mzima.

Ndiyo, Yeyo. Niliacha dawa.

Nakumbuka siku niliyokuja kwako kukueleza. Ulikuwa umekaa nje na sinia, unachagua mchele. Ulijua habari ya ugonjwa wangu kuliko hata mama yangu mzazi: saratani ya damu, ile ya polepole, iliyonishika mwaka uliofuata harusi. Ulijua kidonge cha kila jioni. Siku hiyo nilikuambia damu yangu imetulia kwa miaka, vipimo havioni tena kitu, na daktari amekubali nijaribu kuacha vidonge ili nitafute mtoto, kwa sababu dawa hiyo na mimba haviendi pamoja. Nikakuambia pia kwamba ugonjwa unaweza kurudi.

Uliacha kuchagua mchele. Ukasema, "Mimi niko na wajukuu mpaka nasahau majina. Wairimu niko na mmoja, wewe."

Basi. Hukurudia tena. Jioni ulinisindikiza mpaka barabarani, ukaniinamisha kichwa, ukanitemea mate ya baraka. Sikujua kama ulikuwa umekubali au umenisamehe tu kabla ya wakati. Wiki chache baadaye presha ilikuangusha, na sikuwahi kukuuliza.

Mimba ilipoingia, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Namba yako ingali kwenye simu yangu. Nilikaa nayo mkononi, kisha nikaenda kukata vitambaa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Halafu, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, kipimo kikaonyesha ugonjwa umeamka. Daktari wetu, yule mama mpole aliyekufurahisha kwa kukusalimia kwa Kimaa, alisema damu bado haijaharibika sana, tungoje mtoto atoke. Tukangoja. Nilikuwa nikimhisi Nasieku akicheza ndani, na wakati huohuo najua ndani yangu kuna kingine kinachokua. Sikumwambia mtu hilo. Ningekuambia wewe.

Alipozaliwa alishika ziwa siku hiyohiyo. Manesi walishangaa, mtoto mdogo namna ile. Yeyo, sijui niseme vipi. Miaka yote mwili wangu ulikuwa kitu cha kutolewa damu na kupimwa. Sasa ulikuwa unalisha mtu.

Ndipo daktari akanikalisha. Naweza kuendelea kunyonyesha bila dawa, tukipima kila mwezi, lakini hesabu ilikuwa inapanda na hakuna aliyejua itasimama wapi. Naweza kudungwa sindano ambayo haimzuii mtoto kunyonya. Au nirudie vidonge vyangu, vilivyonisaidia miaka yote, lakini vinapita kwenye maziwa, kwa hivyo siku ya kumeza ndiyo siku ya kumwachisha.

Nilichagua sindano. Nani asingeichagua? Ilinipa homa kama ya malaria, na homa ningeivumilia. Lakini ilinifunika moyo. Nasieku alikuwa akilia karibu yangu nami namtazama tu, kama mtoto wa jirani. Siku moja Lemayian alirudi akanikuta hivyo. Alimbeba mtoto, akaniambia, "Hii sindano basi." Daktari akakubali.

Zikabaki njia mbili. Nilimuuliza daktari angefanya nini. Alifikiri, akasema, "Ungekuwa dada yangu, ningekuomba umeze." Nikamuuliza Lemayian. Akasema, "Mimi nawataka wote wawili." Hilo si jibu, Yeyo, na alijua.

Kila asubuhi nilijiambia, mwezi mmoja tu, apate nguvu kwanza. Niliogopa pia watu. Hapa plotini tunapopanga, mama mwenye mtoto mchanga akionekana na maziwa ya kopo, watu wanamaliza hadithi wenyewe, kwamba ana virusi. Lakini sababu kubwa haikuwa watu. Nilikuwa nimelipia yale maziwa kwa damu yangu, na sikutaka kuyaacha.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa jikoni, Nasieku mgongoni, nikapanda ngazi mbili tu za stoo nikaishiwa pumzi. Nilikaa chini sakafuni. Nikasikia maneno yako ya ile siku ya mchele, na kwa mara ya kwanza sikuyasikia kama katazo. Ulikuwa unahesabu tu, na mimi nilikuwa nimejisahau kwenye hesabu.

Nikamwambia Lemayian nitameza. Yeye akampigia dada yake simu.

Unamjua Nashipae wako. Alishuka kutoka Kajiado na begi moja na mtoto wake, aliyemzaa baada yako, bado hajaanza kutambaa. Hakuomba chai. Alisema, "Maziwa iko mbili, watoto wawili. Nyinyi mnahesabu nini?" Daktari alitaka apimwe damu kwanza, naye Nashipae akanyoosha mkono huku anacheka.

Jioni ile nilimeza kidonge, nikafunga kifua kwa leso. Nasieku alimkataa shangazi yake. Alilia akinitafuta, na maziwa yangu yakatiririka mpaka nguo ikalowa. Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo. Nilidhani kilio ndicho kitaniua. Halafu akanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilijua amekubali.

Niliporudi ndani nilikuwa na hasira, na sikujua ni na nani. Nashipae hakuniangalia. Alisogea kwenye kochi, akasema, "Kuja ukae hapa. Mpatie kidole yako ashike."

Nikakaa. Nasieku alishika kidole changu akiendelea kunyonya. Tulikaa hivyo kila siku, mimi na wifi yangu bega kwa bega, miezi yote hiyo. Majirani walisema waliyosema. Nashipae aliwajibu kwa Kimaa, na sitaki kujua aliwaambia nini.

Sasa Nasieku anakula uji na viazi, na Nashipae amerudi kwake. Damu yangu inatulia tena. Haijafika pale ilipokuwa, lakini kila kipimo kinashuka, na daktari anatabasamu akisoma. Alinigusia kwamba miaka mingi mbele tunaweza kuzungumza tena habari ya kuacha dawa. Nilimwambia leo sitaki kuzungumza.

Mvua ikiisha na njia ya kwenu ikikauka, nitakuletea mjukuu wako umwone. Hilo nakuahidi. Nakuahidi pia kwamba vidonge nitavimeza, hata siku nitakazojisikia mzima kabisa. Na Nasieku akikua sitamficha. Nitamwambia mama yake alikuwa na maziwa, akayaacha yakauke. Akinikasirikia, nitakuwepo wa kukasirikiwa.

Pumzika, Yeyo.

Wairimu wako