Sahani ya Mama Yenu

Kibaha, 1983

Wapwa zangu Mwinyijuma na Siwema,

"Mama ana kifua kikuu, akila nasi atatuambukiza." Umeandika hivyo, Mwinyijuma, nami nasema si kweli! Nimesimama naye mbele ya daktari: ni saratani ya mapafu, nayo haiambukizi. Sigara alivuta marehemu baba yenu. Moshi waliuvuta wote wawili, chumba kimoja, miaka yote ile.

Jana dada yangu alinitania: "Kaka, kwangu Marui nina sahani yangu peke yangu, kama mgeni wa serikali." Akacheka, akakohoa, kisha akageukia ukutani.

Siwaahidi kwamba atapona. Lakini huyo aliyewakabidhi barua hii ametoka safari na ana njaa. Tandikeni mkeka, pakueni sinia moja, na wewe Mwinyijuma ukae ubavuni pake.

Mjomba wenu,
Abdala