Chaîne ya Feza ku Jiwe ya Oncle Gérard

Butembo, quartier Furu
Jumapili, Siku ya Mungu, tarehe 21 septembre 2025

Mupendwa Yaya Godelive, dada yangu mukubwa,

Mbele hata ya salamu, vaa miwani yako bizuri, juu unasoma barua ya mutu mwenye bahati kupita bote hapa Butembo. Mudogo wako Éphraïm nimepata mwanamuke. Ni wa Kirumba, murefu, meno nyeupe kama muhogo imetoka kumenywa, na akipita mu soko hata ba mama ba kuuzisha bitunguu banasahau kurudisha makuta ya chenji ya batu. Na ile chaîne ya feza, ile mukufu ya shingo uliyoniuliza habari yake, yeye njo anaivaa. Donc usinihurumie, tafazali.

Sasa salamu. Habari ya Kampala? Bwana yako mugongo yake inaendelea namna gani, bado anaipaka ile mafuta inanuka kama garage? Batoto banasoma? Bananikumbuka, ao bamesha kuwa Baganda kabisa? Hapa kwetu tunapumua. Mama malaria ilimulaza, ikashindwa, ikaenda kutafuta mwingine. Analalamika tu juu ya shamba yetu ya Kalunguta, maana tangu tulikimbia vita hakuna mutu anapata nguvu ya kurudi kulima kule, na anasema maharagwe ya kununua haina ladha ya maharagwe. Mimi afya yangu ni ya kushangaza daktari.

Utauliza juu ya nini ninaandika barua kama mutu wa zamani, na telephone iko. Najua ulipiga, ukapiga tena, sikukamata. Yaya, wewe ulinibeba mu mugongo. Ukisikia sauti yangu unajua yote mbele sijamaliza kusema allô. Karatasi haina sauti, njo maana ninaipenda. Jumaine wa Beni anapanda na camion yake mupaka Kampala, atakufikishia hii mu mukono.

Uliniuliza mbona ndoa na Solange haikufika. Basi kaa chini.

Solange unamujua ku photo, ule couturière mwenye mètre ya kushona ku shingo, ambaye hata akienda misa anasahau kuitoa. Baba yake alibaki mu shimo ya zahabu, kule mu pori upande wa Manguredjipa, yeye angali mutoto. Baba mudogo yake njo alimulea, Oncle Gérard, négociant wa zahabu, mwenye kuinunua na kuiuzisha. Solange alikula juu ya zahabu, alisoma juu ya zahabu, mais kuivaa, hapana. Siku moja aliniambia: "Éphraïm, siku utaniletea kitu ya shingo, isikuwe zahabu. Ile ilibaki na papa kule chini."

Nilimujibu nitamuletea feza kutoka Dubai. Unajua Dubai yangu inaishiaka Kasese, pale Uganda tu.

Mais ile mara nilitaka kitu ya kweli. Nilikamata moto yangu, ile pikipiki ya kazi, mupaka Beni kwa Rachida, muke wa Jumaine, mwenye kuuzisha bijou. Alitandika kitambaa nyeusi ku meza, akapanga chaîne moja moja kama mutu anapanga samaki. Mimi nilinyoosha mukono ku ile nene kupita zote.

"Éphraïm," Rachida akasema, "unavalisha mwanamuke ao unafunga mbuzi?"

Nikakamata nyembamba. Akanipiga ku vidole. "Hii itakatika siku mutoto wa kwanza ataivuta. Chagua kama mutu mwenye kufikiria kesho."

Alinifundisha, Yaya, na mimi nilinyamaza nikafundishwa, kitu ambacho ba maîtres ku primaire hawakuweza. Unageuza chaîne ku kifungio yake, unatafuta 925, namba ndogo kama jicho ya siafu. Unaleta sumaku, ikikamata, unaaga, unaenda. Unaibeba mu kiganja; feza ya kweli ina uzito yake, haichezi kama bati. Kiisha unavuta mailles, zile pete ndogo ndogo za chaîne, kati ya vidole polepole, usikie kama hakuna fasi inakwaruza, juu fasi inakwaruza njo itakula nguo na nywele.

"Na shingo yake iko namna gani?" aliuliza. Nilionyesha na mikono. "Hiyo ni shingo ya chupa," akasema. Basi nilifumba macho nikaona mètre ya Solange, namna inaanguka, inapumzika chini kidogo ya lile shimo la shingo. Nilimuonyesha pale pale. Rachida alivaa chaîne ku shingo, juu ya kitambaa yake ya kujifunika, akaongeza, akapunguza, mupaka nikasema: iko hapo. Akaifunga mu karatasi, hakuongeza bei. Mutu wa biashara asipoongeza bei, ujue amekuheshimu.

Nilirudi na ile chaîne mu mufuko ya shati. Ku kila barrière nilikuwa nashika kifua, mupaka soldat moja akaniuliza kama moyo inaniuma. Nilisema ndiyo, chef.

Siku ya présentation, ya kujitambulisha kwa jamaa yake, tulienda kwa Oncle Gérard: mama, oncle yetu Abdias njo musemaji, na mimi mu costume ya kuazima niliyosema ni ya Italie. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilikunywewa, Abdias akapamba maneno mupaka bakamuomba akae chini apumzike. Kiisha nilitosha chaîne mu mufuko. Yaya, uso ya Solange ilifunguka. Ninaiona mupaka leo. Alinyoosha mukono, mais mbele haijafika kwake, Oncle Gérard akaikamata.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hapa tunapima."

Hakufanya kwa ubaya. Wewe ulikulia hapa, unajua: hakuna kitu inang'aa inaingia mu nyumba ya négociant bila kupita ku jiwe. Ule muzee angepima hata meno ya mugeni. Alileta ile jiwe yake nyeusi na kachupa ya asidi. Akasugua chaîne ku jiwe, mustari ikatokea. Akatonesha asidi. Mustari ikachemuka, ikapotea kama hakuna mutu aliyeichora. Akarudilia. Ikapotea tena.

"Zahabu inabaki," akasema. "Hii imekwenda. Ni bati, bamepaka rangi."

"Oncle, mimi sikusema ni zahabu. Ni feza."

"Jiwe yangu inajua kweli na inajua bongo, ule uongo wa batu."

"Ni feza ya Dubai ya Kasese," kijana moja wa jamaa yao akasema kwa nyuma. Nyumba nzima ikacheka. Hata mama ya Solange alificha mudomo na kikwembe, ile kitenge yake. Mama yetu sisi aliangalia miguu yake.

Sikukasirika nao. Mutu amesikia bongo yangu tangu ninavaa kaptula, utamuambiaje leo njo kweli?

Nilitoka inje na chaîne yangu, nyuma ya jikoni. Solange akanifuata. Hakuwa anacheka. Alisimama karibu, akasema polepole: "Éphraïm, niambie tu kitu moja, nami nitakuamini. Ulijua ni bati?"

Yaya, jibu ilikuwa neno moja. Hapana. Hata mutoto wa maternelle analijua. Mais bijana ba jamaa yao balikuwa ku dirisha banasikiliza, na mashavu yangu ilikuwa inawaka moto, na mudomo yangu unaijua. Nikasema: "Kama ni bati, tutainyoosha, tufunike nayo choo ya nyumba yetu."

Dirisha ilicheka. Solange hakucheka. Aliniangalia namna anaangaliaka kitambaa iliyokatwa vibaya, akijua makasi imesha pita. Akaingia mu nyumba.

Rachida aliposikia alipanda Butembo mu camion ya bwana yake, na hasira juu ya jina yake kuchafuliwa. Alinikamata ku mukono kama mwizi, tukaenda kwa Oncle Gérard na kachupa ingine, ya kupima feza. Akasugua chaîne ku jiwe ile ile, akatonesha, mustari ikageuka nyekundu kama damu.

"Munaona?" akasema. "Ikigeuka nyekundu, ni feza ya kweli. Ile maji yako ya zahabu inakula feza vilevile, muzee. Ungeuliza."

Oncle Gérard alifanya kitu ambacho sikuona négociant akifanya mu maisha yangu. Alivaa kofia, akaja kwetu na miguu, akasimama mbele ya mama, akasema: "Mama, mimi njo nilikosea. Kijana wako hakudanganya." Mama alilia. Mimi nilikuwa nimesha fika ku barabara, nakimbia ku atelier ya Solange. Nilifikiri imekwisha, nimeshinda.

Alikuwa anashona. Hakusimamisha machine.

"Nilisikia," akasema. "Ni feza. Ninafurahi juu yako."

"Basi?"

"Basi nini? Mimi sikuuliza chaîne, niliuliza wewe. Nilikuwa nangoja neno moja nirudi mu nyumba nipigane na jamaa yangu yote. Ukanipa ya choo."

"Solange, ilikuwa muchezo."

"Najua. Na siku mutoto wetu atalala na homa, nikuulize kama atapona, utanipa muchezo gani?"

Mimi, Yaya, ambaye nilinyamazisha mupaka ba agents ba douane ku Kasindi, pale ku mpaka ya Uganda, nilihesabu sindano ku meza yake. Machine iliendelea, nikabaki pale ku mulango mupaka client akaja akaniomba njia.

Jana Jumamosi bamefunga ndoa, yeye na Malachie, mwalimu wa hesabu, mutu asiyeweza kuchekesha hata mbuzi. Cortège ya ndoa ilipita hapa kwetu na honi. Mama alifunga mulango, mimi nikaufungua. Nilimuona mu gari, mu robe nyeupe aliyoishona mwenyewe. Mètre hakuwa nayo, kwa mara ya kwanza. Ku shingo hakukuwa kitu, Yaya. Shingo tupu, kama ile siku nilifumba macho kwa Rachida. Hakugeuka upande wetu. Malachie alikuwa ameshika mukono yake na mikono yake mbili, namna mutu anashika yai, na mimi nikasema mu moyo, ule hatamujibu na choo.

Ku parking ya pikipiki, ba motards wenzangu banasema nimekuwa muchekeshaji kupita zamani. Banacheka mupaka banashika tumbo. Nikimaliza ninasema ninaenda kutafuta essence, na tank ya pikipiki imejaa.

Sitaki umwage machozi. Nisalimie bwana yako, umuambie aache ile mafuta. Nisalimie mukubwa wa batoto, Syauswa, umuambie mujomba yake anakumbuka ile goli alinifunga. Mama anakubusu ku paji la uso. Oncle Abdias anauliza kama ulisha mupatia kofia. Rachida naye anakusalimia, anasema duka yake iko wazi juu yako.

Mungu akulindie nyumba, akupe usingizi muzuri bila bunduki mu sikio, na batoto wako abape kujibu bizuri bakiulizwa bizuri. Kama utasali rozari, nikumbuke ku moja ya zile mbegu, hata ya mwisho.

Mimi mudogo wako, ambaye kukupenda njo kazi pekee sijaiharibu,

Éphraïm Lusenge

N.B. Yaya, Jumaine anapiga honi, mais siwezi kufunga enveloppe namna hii. Ule mwanamuke wa Kirumba hayuko. Nilimutunga pale mwanzo, juu niliona haya. Chaîne ninaivaa mimi, chini ya shati. Bahati sina, nilikudanganya.