Kanisa Limezindua Nyimbo za Baa

Jumapili, 8 Septemba 2019

Albamu imezinduliwa. Kanisani! Tumetoka Grand Prairie alfajiri, mimi na Elphas wangu, hadi Stafford, karibu na Houston, kwenye kanisa tulikokuwa tukiimba kwaya kabla ya kuhama. Mchungaji ameweka mikono juu ya katoni ya CD na kuomba kila atakayesikiliza aguswe. Halafu akahubiri mwana mpotevu, kwa sababu albamu inaitwa Nimerudi Nimechelewa.

Elphas akaninong'oneza: si ulimwambia ni honky-tonk, country ya baa? Mimi nilidhani yeye ndiye aliyemwambia. Na hakuna aliyeuliza. Kwetu mume na mke wakirekodi, tena wanakwaya, tena kwenye kava wamevaa nyeupe, hizo ni nyimbo za Mungu, basi. Mzee Wilbroad, mgeni rasmi, alinunua nakala ya kwanza kwa vigelegele. Nyimbo za baa tupu — ulevi, talaka na mwanamke wa Amarillo. Nilikula pilau nikiangalia sahani.

Jumatatu, 9 Septemba

Pelagia wa Umoja wa Wanawake amepiga simu. Aliweka CD kwenye gari, watoto nyuma, mama mkwe mbele. Walipofika wimbo wa tatu, Chupa Haina Kelele, mama mkwe akauliza ni nani huyo amelewa. Pelagia akazima. Mama mkwe akamwambia awashe.

Grupu la WhatsApp la kwaya kimya kabisa. Mchana mtu mmoja ametuma mikono ya maombi. Moja tu.

Jumapili, 15 Septemba

Jana tulipiga Fort Worth, baa ya kweli, kofia za cowboy kila mahali. Hawajui neno la Kiswahili na walicheza hadi sakafu ikalia. Wimbo wa tisa, Funguo Mezani, kuna mzee alivua kofia akajifuta macho. Ule niliuandika mimi, maneno yote. Elphas alitabasamu njia nzima. Sijamwona hivyo tangu aanze zamu za usiku kule ghalani.

Leo mtangazaji mmoja wa redio ya Wakenya ya mtandaoni ametuchambua: gitaa linalia vizuri, lakini huyo mama anaimba ulevi kama anasoma matangazo ya kanisa. Nimekasirika! Elphas amecheka hadi akakohoa.

Jumatano, 18 Septemba

Makubwa. Kamati ya ndoa ya kanisa inakuja Jumamosi. Mzee Wilbroad na Pelagia, kutoka Houston, kutuokoa. Wamesikiliza albamu yote na wameamua nyumba yetu inaungua. Tumecheka, Elphas na mimi, tukashikana. Utamwelezaje Mzee kwamba kwenye country lazima mtu aachwe, la sivyo hakuna wimbo?

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Wageni bado wako sebuleni.

Ilianza vizuri. Chapati, kuku, sala. Mzee Wilbroad akavaa miwani, akachukua CD yake, akaanza kuuliza wimbo kwa wimbo.

"Bwana Elphas, huu wa tatu, nani anakunywa?"

"Hakuna, Mzee. Ni style tu. Mimi ni soda."

"Na huyu mwanamke wa Amarillo?"

"Hata sijawahi ku-drive huko, Mzee."

Pelagia akacheka, mimi nikacheka, Mzee mwenyewe akacheka. Nikajua yameisha. Ndipo akafika wa tisa.

"Huu, mama anavaa sare yake ya hospitali asubuhi. Mume kalala, katoka zamu. Anaweka funguo za nyumba mezani taratibu asimwamshe, anaondoka. Nao ni style?"

"Style, Mzee," Elphas akasema, akanigeukia nicheke naye.

Nikasema chapati zinapoa.

Sijui kwa nini. Ningecheka tu! Wimbo huo ameupiga mwaka mzima, ameutafutia nota, ameniimbia sauti ya pili, na hajawahi kuuliza. Pelagia aliacha kutafuna. Elphas aliangalia meza. Nikasema naenda kunawa.

Nimechoka na hizi zamu, mimi hospitali mchana, yeye ghalani usiku. Nimechoka kuolewa na mtu aliyelala. Na nampenda, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Amekuja mlangoni. Hakugonga, nimesikia tu pumzi zake. Kisha, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie:

"Imma. Asubuhi ile, ulirudi kwa nini?"

Huko sebuleni wameweka CD. Ni wa tisa. Mzee Wilbroad ameshika kiitikio, na Pelagia anaimba naye, polepole, maneno yote anayajua.

Elphas bado yuko mlangoni. Naweka kalamu, nashika kitasa.