Gari Ndilo Lililokuwa Likiumwa

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
9 Februari 2025

Mpendwa Mama Mdogo Somoe,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima huko Maskati, wewe na Baba Mdogo Mbaruku na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena unaposujudu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto limetuzidi. Shaabani imeshaingia na wanawake wa mtaani wameanza kutafuta tambi na unga wa mfungo. Hajra wangu ameanza kidato cha kwanza. Sketi yake inaburuta chini na amekataa katakata isipunguzwe.

Sasa nije kwenye lile lililokuliza kwenye simu. Dada yako amekubali kurudi kusafishwa damu. Tena amekwenda kwa hiari yake, akitutangulia kwenye gari. Mtandao ulikuwa unakatakata siku ile nikashindwa kukueleza vizuri, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unakumbuka nilikwambia safari za hospitali Dar zilikuwa zinammaliza. Anatoka nyumbani akizungumza, anafika akiwa ametapika, kichwa kinamgonga, hawezi hata kutaja jina lake mapokezi. Daktari alipima akasema vipimo havijabadilika. Sisi tukajua maradhi yamepanda. Na yeye akajua hivyohivyo. Asubuhi moja akakaa kitandani akamwambia Mikdad, "Mwanangu, niacheni nife hapa kwangu, si ndani ya gari." Akaruka zamu ya kwanza, akaruka na ya pili. Miguu ikavimba hadi ndala zikawa hazimwingii. Hapo ndipo nilipokupigia.

Mama Mdogo, aliyetutoa kwenye shimo lile ni Shamsia, binti wa marehemu Mrisho fundi baiskeli. Ulimwacha akiwa mdogo. Sasa ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na ana gereji yake mwenyewe baada ya kumaliza chuo cha ufundi. Anacheka sana, na akianza kusimulia gari linavyofanya kazi huwezi kuondoka.

Kwanza Mikdad alimpelekea gari lake, lile analompelekea Mama hospitali, kwa jambo dogo tu. Ile taa ya injini ilikuwa haizimiki. Shamsia akachomeka kompyuta yake, ikasema mvuke wa petroli unavuja. Alinieleza baadaye kwamba petroli ndani ya tangi hutoa mvuke wakati wote, na mvuke huo hautakiwi kutoka nje. Unapita kwenye mipira hadi kwenye kopo lenye mkaa, mkaa unaunyonya, kisha injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Pakitoboka mahali popote katika njia hiyo, taa inawaka. Lakini kompyuta haisemi ni wapi. "Inaniambia nyumba inavuja," alisema, "hainiambii ni bati lipi."

Akaona mpira wa kifuniko cha tangi umekauka, akaweka kifuniko kipya, taa ikazima. Baada ya siku chache ikawaka tena.

Fundi mwingine angesema gari ni zee, au angeichomoa hiyo taa yenyewe. Shamsia alikuja nyumbani kwa miguu yake, hakuitwa. Akasimama uani akamwambia Mikdad, mbele yetu sote, "Kile kifuniko kilikuwa kibovu kweli, lakini siyo ugonjwa wenyewe. Nimekosea. Nataka nianze upya."

Mama alikuwa amejilaza barazani. Shamsia akamwamkia, akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yake ile iliyovimba, akauliza kwa nini hakwenda hospitali. Nikamsimulia. Akamgeukia Mama.

"Bi Mwanajuma, ukiwa garini unakaa wapi?"

"Nalala kiti cha nyuma. Kukaa siwezi."

"Na hali inaanza kubadilika mkifika wapi?"

Mama akafikiri. "Natoka hapa mzima. Tukishaipita Kerege, moyo unachafuka. Nilisema kuna kiharufu, wakaniambia gari la zamani. Kurudi huwa sina neno."

Shamsia akamtazama Mikdad. "Petroli unaweka wapi?"

"Kerege," Mikdad akajibu. "Najaza hadi shingoni, nisije nikasimama tena njiani."

Shamsia alinyanyuka, akalichukua gari.

Jioni ya siku ile alitutumia ujumbe tumlete Mama gerejini. Nilisita, lakini Mama mwenyewe alisema twende. Tulikuta Shamsia amewahamisha hata mama ntilie wa jirani na jiko lake, na aliyekuwa na sigara ameambiwa akae mbali. Ana mashine inayotoa moshi mweupe, nao hupulizwa taratibu kwenye ile mipira ya mvuke. Moshi ukitoka mahali, basi hapo ndipo palipotoboka.

Tulisubiri. Mara ukaanza kujipenyeza nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kujazia mafuta. Lile bomba linaloshuka kwenda kwenye tangi lilikuwa limeliwa na kutu, chumvi hii ya pwani haina huruma. Mikdad akijaza hadi shingoni, petroli ilifika palepale penye kutu; wakati wa kurudi ilikuwa imeshapungua. Kisha Shamsia akafungua mlango wa nyuma. Kumbe chini ya zulia palikuwa na tundu ambalo kizibo chake cha mpira kilishadondoka, na moshi ukawa unapanda polepole kando ya kiti, palepale Mama anapolaza kichwa.

Mama aliutazama moshi ule kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe si mimi."

Nilimshika mkono. Sijui nilikuwa nalia au nilikuwa nacheka.

Bomba lilipatikana kwa Hassanali, yule mwenye duka la vipuri, aliyeagiza kutoka Dar. Shamsia akalifunga, akaziba tundu, akapuliza moshi tena na haukutoka popote. Akamwonya Mikdad kwamba pampu ya kituoni ikijikata yenyewe, asiongeze hata tone. Taa ikazima, nasi tukadhani kazi imekwisha.

Yeye akakataa. Akamwambia Mikdad aende Kerege ajaze, kisha aendelee na njia ya Dar kama siku zote, vioo vimefungwa. Na mwenyewe, Mama Mdogo, akajilaza kiti cha nyuma, na urefu wake ule, magoti yamegusa kidevu. "Simpandishi mama wa watu humu," alisema, "mpaka nimelala mimi kwanza." Wakaenda hadi Bunju na kurudi. Aliposhuka alikuwa amelowa jasho na shingo imekakamaa, lakini anacheka. Hakuna harufu, wala kichwa hakikumuuma.

Nimeona watu wengi wakisifiwa mjini hapa, kwa mali na kwa elimu. Mimi nikiombwa nimtaje wa kusifiwa, nitamtaja yule aliyejikunja kwenye kiti kile ili mama yangu asiumie.

Sitakudanganya kwamba Mama amepona. Figo ni zilezile, na daktari alitukemea kwa zamu alizoruka. Lakini uvimbe umepungua na anakula. Juzi walipokuwa wanarudi, Mikdad alikata kona kwa kasi, Mama akaketi kitako akamfokea kuanzia hapo hadi mlangoni kwetu. Mikdad aliingia jikoni, akaegemea ukuta, akaniambia, "Dada, sijapata kufurahi kufokewa kama leo."

Msalimie sana Baba Mdogo, na Lulu, na Abdulazizi umwambie asiache kusoma. Mama anasema ukija safari hii usimletee udi, mletee hadithi. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake na atufikishe sote kwenye mfungo tukiwa na afya.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuombea kila sala,

Zuwena